Kampuni kubwa ya programu au kampuni changa?

Kwenye kampuni kubwa, msimbo wako, yaani maagizo unayoandika kuunda programu, hauwafikii watumiaji hivi hivi. Mwenzako anaukagua, majaribio yanajiendesha, kisha mara nyingi unatolewa kwa watumiaji wachache kwanza. Microsoft ilikuwa na wafanyakazi wapatao 228,000 mwaka 2024. Kwenye ukubwa huo, kubadilisha kitufe kimoja tu kunaweza kusubiri idhini ya timu kadhaa. Inachosha, kweli, lakini maoni ya mkaguzi makini, mstari kwa mstari, ni shule tosha.

Kampuni changa? Unaandika asubuhi, jioni watu wanatumia. Seva, kompyuta inayoendesha huduma yenu, ikigoma usiku wa manane, simu inayolia ni yako. Mshahara nao mara nyingi hutegemea fedha za wawekezaji. Anayeanza kazi namshauri aanzie kubwa, mradi apate mkaguzi mvumilivu.