Mausi ya Apple M0100: kitufe kimoja, gololi moja, na bado inadunda

Nimeinunua pamoja na Macintosh Plus, kompyuta kuukuu ya Apple, na nimeitumia kuandika na kuchora kabla ya kutoa maoni haya. Niseme mapema: kama una Macintosh ya kwanza ya 1984, 512K au Plus, inunue bila kusita. Kwa kompyuta ya sasa usihangaike nayo, plagi yake ya pini 9 haina pa kuingia.

Uzuri wake uko tumboni. Ipindue, zungusha kipete cha chini kwa vidole, gololi itakudondokea kiganjani. Hakuna haja ya bisibisi. Ndani utaona roli mbili: moja inafuata mwendo wa kulia na kushoto, nyingine wa juu na chini. Kila roli inazungusha kisahani chenye matundu membamba kilichokaa kati ya taa ndogo na kihisi mwanga, na mwanga unapokatika ndivyo kompyuta inavyojua mkono umesogea kiasi gani. Aliyepita kwenye intaneti kafe za zamani anaukumbuka ule utando mweusi unaoganda kwenye roli, unaoutoa kwa ukucha. Hapa pia upo, na unatoka kirahisi.

Apple hawakuvumbua mausi. Doug Engelbart wa SRI, taasisi ya utafiti kule Menlo Park, California, ndiye mwenye wazo. Mhandisi mwenzake, Bill English, akaitengeneza mwaka 1964, kipande cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyogusa meza moja kwa moja. Ilionyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na mwaka huohuo kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilikuwa tayari na yake ya gololi. Baadaye kampuni ya Xerox wakatengeneza za kwao, nzuri lakini ghali na zenye kuharibika upesi. Dean Hovey, mbunifu wa bidhaa aliyepewa kazi na Apple, anasimulia kwamba Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alimtaka atengeneze ya chini ya dola 15, idumu miaka. Jim Yurchenco, mhandisi wa timu ya Hovey, akaacha gololi ikae huru badala ya kukandamizwa na springi, na vipuri akavipachika kwenye fremu moja ya plastiki. Mimi heshima yangu kubwa naiweka hapo. Wazo la Engelbart lilikuwa kubwa tangu mwanzo, ila bila kazi hii ya kupunguza vipuri lingebaki maabara.

Kitufe kimoja kinatosha kabisa kwa programu za wakati ule: unabofya, unaburuta, unabofya mara mbili, basi. Kinabonyea kwa mlio mzito unaojulisha kidole kwamba amri imefika. Ninachokikataa ni umbo. Ni kiboksi chenye kingo, kiganja hakipati pa kulala, na ukichora kwa muda mrefu kifundo cha mkono kinalalamika.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya upande wa chini. Kipete kiwepo, gololi iwepo, na waya usiwe umechanika pale unapoingia kwenye plagi. Mshale ukigoma kwenda juu na chini huku kulia na kushoto unakwenda vizuri, usikimbilie kuirudisha: safisha kwanza ile roli inayofuata mwendo wa juu na chini kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, kisha jaribu tena.