Fluke 87V na gari linalowaka siku likipenda

Gari lililokufa kabisa halina siri. Shida ni lile linalowaka asubuhi, likakataa mchana, kisha likawaka tena kabla boneti haijafunguliwa. Hapo ndipo watu hubadilisha betri, kisha stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha), kisha swichi ya ufunguo, na ugonjwa ukabaki palepale. Kwa kazi hii Fluke 87V, mita ya kupimia umeme, ina kitufe kimoja ambacho peke yake kinatosha kuinunulia mita hii: MIN MAX.

Ukikibonyeza, mita hutunza volti ya chini kabisa na ya juu kabisa iliyopita, na hulia kila rekodi inapovunjwa. Haijizimi ikiwa katika hali hiyo, kwa hiyo unaweza kuiacha imefungwa kwenye gari ukisubiri kosa lijitokeze. Hunasa mabadiliko ya milisekunde 100, na ukiiweka kwenye PEAK, hali ya kunasa vilele vya ghafla, hushuka hadi mikrosekunde 250. Kwa betri na stata baki kwenye 100. Stata huvuta umeme mwingi mno katika kitambo cha kwanza, na PEAK itakuonyesha namba ya kutisha hata kwa gari lisilo na kosa.

Anza na betri iliyopumzika saa kadhaa. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu. Ikiwa chini ya 12.2 ichaji kwanza, maana vipimo vitakavyofuata vitakupotosha. Gusa nguzo za betri zenyewe, si tamino (vibanio vya nyaya vilivyofungwa juu yake). Washa MIN MAX, piga stata. Ikishuka chini ya 9.6 katika hali ya joto la kawaida, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya 10 na stata iko kimya au inatoa kliki tu, achana na betri, fuata nyaya.

Mguu mwekundu wa mita kwenye nguzo chanya, mweusi kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri: wakati stata inazunguka isizidi volti 0.5. Kisha bodi ya injini hadi nguzo hasi: isizidi 0.2. Usijaribu kupima nyaya hizi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Kutu yenye omu 0.01 tu, stata ikivuta ampea 150, inakula volti 1.5, na mita hii kwenye omu haioni chini ya 0.1. Itakuambia waya ni mzima, nao ndio mgonjwa.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni cha waya mdogo wa solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata), na sharti kichukuliwe gari likiwa limekataa. Funga mguu mwekundu hapo kwa kibanio, mbali na mkanda na feni, mweusi kwenye nguzo hasi, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Ufunguo ukizungushwa, volti 10 au zaidi zikafika na stata isizunguke, na zile nyaya nene zimeshapita kipimo, ubovu uko ndani ya stata: brashi zimeisha au kontakti za solenoidi zimeungua. Ikifika 7 au 8, kontakti za swichi ya ufunguo au za relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) zimechakaa. Isipofika kitu, tafuta relei, swichi ya klachi, au swichi ya gia kwa otomatiki. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Usichomoe waya huo unapopima. Mita ina ukinzani wa megaomu 10, haivuti karibu chochote, hivyo waya uliobaki na uzi mmoja utaonyesha volti 12 safi. Unahitaji mzigo: solenoidi yenyewe, au balbu ya wati 21 kwenda ethi (chuma cha gari).

Upungufu upo. Haiwezi kupima ampea za stata. Tundu lake la A linamudu 10, au 20 kwa sekunde 30, na ukijaribu unaunguza fyuzi ya ampea 11 papo hapo. Utahitaji klampu ya DC ya kuongezea, ile inayoubana waya kwa nje na kupima ampea zake. Haisomi kodi za hitilafu za kompyuta ya gari pia, kwa hiyo gari ambalo injini yake inazungushwa vizuri lakini haiwaki lianzie kwenye skana, kifaa cha kuzisoma.

Hata hapo mita ina nafasi, kama linakataa injini ikiwa moto tu. Chomoa sensa ya kranki (inayohisi mzunguko wa injini) yenye koili na nyaya mbili (ya nyaya tatu isipimwe hivi), ipime mita ikiwa kwenye omu, ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele. Namba ikiruka ghafla hadi OL (imezidi kiwango cha mita), kisha ikarudi sensa inapopoa, koili imekatika ndani.