Zege au unesi? Rivyu ya chuo changu, nimefanya vyote viwili

Chuo ninachokizungumzia ni cha uuguzi na ukunga, cha binafsi, kipo mkoani. Jina sitalitaja, bado nipo pale mwaka wa tatu, na pia mengi ya haya nayasikia hata kwa wenzangu wa vyuo vingine tunaokutana nao fildi, yaani mazoezi ya hospitalini. Nakipa nyota tatu na nusu kwa tano. Naandika hasa kwa mdogo wangu uliyemaliza form four, una division four yako mkononi, D za Kemia, Baiolojia na Fizikia zipo, nyumbani hela hakuna, na kuna mtu anakwambia njoo saiti kesho asubuhi kuna deiwaka, kibarua cha kutwa, ya elfu kumi na tano. Mi nilikuwa wewe kabisa.

Nilienda saiti. Miezi 14, saidia fundi, Goba na Madale huko Dar, nyumba za watu na ghorofa mbili tatu. Watu wanapiga hesabu ya 15,000 mara siku 30 wanaona laki nne na nusu, sasa kiukweli hakuna saidia fundi anayefanya siku 30. Mvua ikinyesha hakuna kazi, simenti ikiisha mwenye nyumba yuko safarini hakuna kazi, nyumba ikiisha mnakaa wiki nzima mnatafuta nyingine. Mimi wastani wangu ulikuwa siku 16, 17 kwa mwezi, hiyo ni kama 255,000, toa chumba, toa nauli, toa chai na wali wa mama ntilie maana zege huwezi kumwaga na njaa, ukibakiza 70,000 umejibana sana. Miezi yote 14 nilibakiza laki tisa na kidogo, na hapo sinywi, sivuti.

Kazi yenyewe siidharau, na sipendi watu wanaoidharau. Siku ya kumwaga slabu mnaanza alfajiri, mmepanga mstari kutoka kwenye mchanganyiko mpaka juu, ndoo inapita mkono kwa mkono mpaka jioni, hakuna kusimama maana zege haisubiri. Nimejifunza pale kuamka saa kumi bila kuamshwa na kufanya kazi na watu nisiowachagua. Lakini mwili unalipa. Simenti mbichi inaunguza, ukishika kwa mikono mitupu wiki nzima vidole vinapasuka vinatoa damu, usiku ukinawa kwa sabuni unaruka. Glavu na buti unanunua mwenyewe au huna. Saiti moja jukwaa la mirunda lilikatika na mwenzetu akavunjika mkono, msimamizi akampa elfu ishirini ya bodaboda na hospitali, ikaisha hapo. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo toka 2008 na mfuko wake, WCF, upo, lakini sisi vibarua wa pale hakuna aliyekuwa ameandikwa jina popote zaidi ya kwenye daftari la nyapara. Hilo ndilo lililonitoa, siyo ugumu wa kazi.

Sasa chuo. Nianze na hela maana ndiyo watu wanauliza. Kipeperushi kilisema ada milioni moja na laki tatu kwa mwaka, kwa awamu nne. Ni kweli, ila hiyo ni ada peke yake. Ongeza hosteli laki tatu, mitihani ya wizara laki na nusu, bima ya NHIF ya mwanafunzi 50,400, NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, 15,000, mchango wa fildi laki mbili, sare na viatu laki na arobaini. Jumla ni zaidi ya milioni mbili, na mwaka wa kwanza mimi nilifika na laki tisa zangu na za mjomba nikidhani nimemaliza nusu. Wiki mbili nilizuiwa kuingia darasani. Hii nimewatoa nyota nzima, siyo kwa sababu ni ghali, ila kwa sababu mzazi anayeuza ndama anatakiwa kuambiwa hesabu yote kabla hajauza.

Walimu ni wazuri, hapa sina neno. Wakufunzi wawili wamefanya kazi wodini miaka mingi na wanafundisha hivyo hivyo, wakikuona unakariri wanakuuliza "mgonjwa yuko mbele yako, unaanza na nini?" Sapu (kurudia mtihani) zipo na disko (kuondolewa chuo) ipo, mitihani haina masihara, wa four kama mimi tunaweza ila usiku ni wa kusoma. Chumba cha mazoezi kina midoli minne, mmoja hana mkono, kwa darasa la watu zaidi ya mia. Chakula cha kantini maharage na ugali, kinashibisha, tuendelee.

Fildi ndiyo kitu chenyewe unachonunua, na hili nililijua nimeshalipa. Uuguzi hausomwi kwenye daftari, unasomwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Na mimi nilikuja nimejiaminisha kwamba nimeacha kazi ya mikono, aisee, nimetoka kubeba ndoo nimekuja kubeba watu. Kumwogesha mgonjwa kitandani, kumgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya mgongo, kutandika kitanda mtu akiwa juu yake, zamu ya usiku umesimama mpaka miguu inavimba. Tofauti ni kwamba tofali ukilishika vibaya linavunjika basi.

Wiki ya kwanza ya kuweka kanula, kile kimrija cha dripu kinachoingia kwenye mshipa, nilishindwa kabisa. Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, amekonda, mishipa imezama. Nimefunga kamba, nimeshika kanula ya pinki, napapasa mkono wake sisikii kitu, wenzangu wote wanasema mshipa huo hapo unaruka mi nasikia ngozi tu. Sista inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi, akanishika mkono akaugeuza, akaangalia vidole vyangu, akaniuliza ulikuwa unafanya kazi gani kabla. Nikamwambia zege. Sugu za koleo zilikuwa bado zipo, ngumu kama ganda. Akaniambia papasa kwa kidole cha pete, hicho hakijachoka sana, halafu funga macho. Nikafunga macho. Nikausikia, kitu laini kinachobonyea na kurudi. Yule mzee akasema "pole pole mjukuu wangu, mi siendi popote." Damu iliporudi kwenye kanula nilitetemeka. Mwezi mzima nilikuwa napaka vaselini mikononi kila usiku navaa soksi juu yake mpaka ngozi ikalainika.

Hiyo nafasi niliipata kwa sababu ilikuwa zamu ya usiku, tulikuwa watatu. Mchana sasa, hospitali ile ile inapokea wanafunzi wa vyuo vinne, na chuo chetu kinadahili wengi kila mwaka bila kuangalia vitanda vipo vingapi. Kitanda kimoja mnakizunguka watu kumi na tano, wa mbele anafanya, wa nyuma anaona migongo. Leba ndiyo mbaya zaidi, kila mmoja ana kitabu chake cha kujaziwa idadi ya akina mama aliowazalisha, mama mmoja anasukuma na wanafunzi sita wanamtazama, heshima yake iko wapi? Mimi nilijiombea zamu za usiku na za sikukuu, Krismasi nimeila wodini, ndiyo maana kitabu changu kimejaa kwa kazi nilizofanya kwa mikono yangu. Nyota nyingine nusu nimetoa hapo, na kama nisingekuwa na hizo zamu za usiku ningetoa mbili.

Hatari zipo na huku pia, usidanganywe na sare nyeupe. Sindano inachoma, na ikikuchoma unatakiwa uanze dawa za kinga ndani ya masaa 72, mapema ndiyo bora. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwanzo, mwezi mmoja, miezi sita, chuo chetu kilituachia tujilipie wenyewe na wengine walienda fildi bila hata moja. Lipia mapema, kopa kama unaweza.

Na baada ya kumaliza? Kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upate leseni, halafu foleni ya ajira. Kaka zangu waliotangulia wawili wanajitolea mwaka wa pili sasa, wanapewa nauli, wanasubiri nafasi za ajira za serikali kupitia TAMISEMI zitoke. Mmoja siku za mapumziko anarudi saiti anabeba tofali, na sijamwona akijuta kusoma. Anasema saiti kila asubuhi anaanza upya, ila unesi akishausomea ni wake mpaka azeeke. Nami naona hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza, nenda kasome, lakini kama huna hela usiogope kubeba zege mwaka mmoja kwanza ukiwa na lengo, Bodi ya Mikopo nayo siku hizi inatoa kwa diploma na kozi za afya zimo, fuatilia. Vyuo vya serikali vya afya unaomba kupitia mfumo wa NACTVET, jaribu huko kabla ya binafsi. Chuo chochote angalia kama kina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS na kama kipo kwenye kitabu cha udahili cha mwaka huo, usimpe hela dalali anayekuhakikishia nafasi.

Halafu usichague kwa picha za majengo. Uliza wanafunzi wao wanapelekwa hospitali gani, panda gari uende saa za kuona wagonjwa, simama mlangoni pa wodi uhesabu wako wangapi kwenye kitanda kimoja. Mimi mdogo wangu wa damu anamaliza mwaka huu, fomu sijamchukulia bado, Jumamosi tunaenda wote kuhesabu.