Filamu ya Hadithi au Dokumentari: Usiku Mmoja Ngome Kongwe

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997 na kujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, humweka njia panda mtazamaji mwenye usiku mmoja tu Mji Mkongwe: atazame filamu ya hadithi, au dokumentari, yaani filamu ya watu na matukio halisi?

Filamu huru ya hadithi hufaidika na ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, kwa kuwa kicheko cha umati uliokaa pamoja husitiri upungufu wa bajeti, mradi mazungumzo yawe na ladha.

Dokumentari haina sitara hiyo. Mwongozaji hawezi kumwandikia mvuvi maneno ya kusema. Anachoweza ni kuamua, wakati wa kuhariri, kipi kibaki na kipi kikatwe, na hapo ndipo uaminifu wake hupimwa, hasa watu wa pwani wanaoyajua maisha yale wanapokuwa miongoni mwa watazamaji. Upepo ukivuma, hata hivyo, ushuhuda wa sauti ya chini hupotea.

Binafsi ningechagua dokumentari, iwapo mwongozaji yupo kujibu maswali. Asipokuwapo, au nikiwa na watoto, ningekwenda kwenye hadithi.