Wazee wa Butte: tuwasikilize au tuwasome?

Anayeanza kufuatilia simulizi za wachimbaji shaba wa Butte, Montana, Marekani, zilizorekodiwa kwenye kanda, hukwama hapa: asikilize kanda, au asome maandishi yaliyonakiliwa kutoka humo?

Kwa kuokoa muda, maandishi yako mbele. Ukitafuta moto wa mgodi wa Speculator wa 1917, uliowaua watu 168, unapata ukurasa papo hapo. Kanda itakupitisha kwanza kwenye harusi na mikate ya nyama ya wachimbaji. Mimi hizo harusi ndizo ninazozifuata.

Kwa uaminifu, kanda haina mpinzani. Kikohozi cha mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hakiandikiki. Wala ukimya wa mtu anayetaja Meaderville, mtaa uliomezwa na shimo la Berkeley lililoanza kuchimbwa 1955. Ni hivyo hata nje ya migodi: kwa Wabaski, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, waliochunga kondoo jimboni Nevada, lafudhi yenyewe ni historia.

Utunzaji? Kanda za sumaku huchakaa, lazima zihamishiwe kwenye kompyuta. Karatasi haisumbui sana.

Una tasnifu ya kukamilisha mwezi huu, soma. Babu yako alishuka mgodini, vaa spika za masikioni.