Kisomaji cha Milisho: Kipi cha Kulipia na Kipi cha Kuchukua Bure

Mtu anayefuatilia magazeti matatu, podikasti mbili na tovuti ya wizara inayotangaza zabuni hulazimika kufungua kurasa hizo moja baada ya nyingine kila asubuhi, na mara nyingi asikute jipya. Mlisho wa wavuti uliundwa ili kumwondolea kazi hiyo, na kisomaji ndicho chombo cha kuupokea. Visomaji ni vingi: vipo vya bure, na vipo vinavyofikia dola 50 za Marekani kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya au zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania. Kabla ya kutoa fedha hizo, inafaa kufahamu kinacholipiwa hasa.

Mlisho wenyewe haulipiwi. Ni faili moja la maandishi linalokaa kwenye seva ya tovuti, na kila makala mpya inapochapishwa, mfumo wa tovuti huongeza humo kichwa cha habari, kiungo, tarehe, kitambulisho na muhtasari, au makala nzima. Faili hilo huandikwa kwa muundo wa RSS, ambao ulianzia Netscape mwaka 1999 na toleo lake la 2.0 la mwaka 2002 linatumika hadi leo, au kwa muundo wa Atom uliosanifiwa mwaka 2005. Kisomaji hulitembelea kila baada ya muda, hulinganisha vitambulisho, kisha hukuletea yale tu ambayo hujayaona. Kisomaji kilichotengenezwa vizuri huiuliza seva kwanza kama faili limebadilika tangu mara ya mwisho. Likiwa halijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kulituma upya, na bando lako haliliwi bure.

Msomaji hupata habari kwa mpangilio wa wakati, si kwa mpangilio uliochaguliwa na mtambo unaotaka akae muda mrefu zaidi, na hahitaji kumpa mchapishaji namba ya simu wala barua pepe. Mchapishaji naye hunufaika kwa njia ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Anaandika mara moja, na faili lilelile linawafikia wasomaji wote, pamoja na programu za podikasti, ambazo hutegemea RSS kupata anwani ya sauti ya kila kipindi. Hakuna kampuni ya mtandao wa kijamii inayoweza kubadili kanuni zake usiku mmoja na kumkata na watu wake. Ni kweli kwamba anayetoa makala nzima kwenye mlisho hupoteza baadhi ya watu ambao wangefungua ukurasa na kuona matangazo, lakini huduma kadhaa za usomaji, zinapokuja kuchukua faili, huitajia seva idadi ya wasomaji zinaowawakilisha, kwa hiyo mchapishaji anayesoma kumbukumbu za seva yake hayuko gizani.

Katika kupanga visomaji hivi nimetanguliza jambo moja kuliko yote: uwezo wa kuondoka na orodha yako ya milisho unayofuatilia. Google Reader ilikuwa kisomaji cha bure kilichopendwa na watu wengi mno, na tarehe 1 Julai 2013 kilifungwa. Waliosalimika ni wale waliopakua orodha zao na kuzihamishia kwingine. Orodha hiyo huhifadhiwa katika faili la aina ya OPML, na kisomaji kisichokuruhusu kulitoa hakistahili hata kujaribiwa, kiwe cha bure au cha kulipia. Baada ya hapo nimeangalia matumizi ya bando, kisha bei.

Nafasi ya kwanza, kwa wasomaji wengi wa kwetu, ni Feeder ya simu za Android. Ni programu ya bure ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, haina matangazo, na haikutaki ufungue akaunti. Orodha yako inakaa ndani ya simu yenyewe, na simu ndiyo inayokwenda kuchukua habari. Katika mipangilio unaweza kuiamuru ichukue habari kwa Wi-Fi pekee, au simu ikiwa kwenye chaji tu, na unaweza kuizuia isipakue picha kwa bando. Mtu mwenye Wi-Fi kazini anaweza kuchukua makala kabla ya kutoka, kisha akazisoma ndani ya daladala bila kutumia data hata kidogo, ilimradi mlisho unatoa makala nzima au ameiagiza programu ipakue makala nzima mapema. Upungufu wake ni kwamba simu ikiibiwa, orodha imekwenda nayo, ndiyo maana faili la OPML lipelekwe kwenye barua pepe yako kila unapoongeza vyanzo vya maana. Mwenye iPhone au kompyuta ya Mac achukue NetNewsWire, nayo ni ya bure na ya chanzo huria, na ina historia inayoanzia mwaka 2002. Hii hupitisha orodha kati ya vifaa vya Apple kupitia iCloud, faida ambayo Feeder haikupi kirahisi hivyo.

Nafasi ya pili naipa Inoreader, iliyotengenezwa Bulgaria, hasa katika daraja lake la bure. Inakubali milisho 150, ambayo ni mingi kuliko uwezo wa mtu kusoma, na kwa kuwa habari hukusanywa kwenye seva zao, ulichokisoma kwenye simu hukikuti tena kama kipya kwenye kompyuta. Malipo yake ni matangazo unayoonyeshwa. Nisingemshauri mtu alipie daraja la juu kabla ya kuitumia hii ya bure kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu vipengele vinavyouzwa huko, kama vile kanuni zinazochuja habari bila wewe kugusa kitu, vinamfaa mwandishi wa habari au mtafiti kuliko msomaji wa kawaida.

Kama umefikia uamuzi wa kulipa, basi lipia Feedbin. Bei yake ni dola 5 kwa mwezi au dola 50 kwa mwaka. Haina matangazo, inasomeka vizuri, na inakupa anwani ya barua pepe ya kupokelea majarida ili yasijazane kwenye kisanduku chako cha kazi. Inaungana pia na NetNewsWire, kwa hiyo kinacholipiwa ni seva, na programu ya kusomea unachagua mwenyewe. Malipo ni kwa kadi. Anayetumia kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa za simu ahakikishe kuna salio tarehe ya kulipia inapofika, au alipe kwa mwaka mzima ili usumbufu huo umjie mara moja tu.

NewsBlur inafuata, ikiwa na dola 36 kwa mwaka na daraja la bure la milisho 64. Ubora wake ni kwamba unaifundisha waziwazi unachopenda na usichopenda, kwa mwandishi, kwa neno la kichwa cha habari au kwa mada, nawe unaona kwa nini habari fulani imepandishwa. Sura yake imejaa vitufe, na mgeni huchukua siku kadhaa kuizoea.

Feedly nimeiweka chini ya hizo. Daraja lake la bure, lenye kikomo cha milisho 100, linatosha na linapendeza machoni, lakini kampuni yenyewe imeelekeza nguvu kwa mashirika yanayofuatilia vitisho vya kimtandao na mienendo ya masoko, na msomaji wa kawaida anayelipia anachangia vitu asivyovihitaji.

Ofisi, chumba cha habari au maktaba yenye seva yake haina sababu ya kumlipia kila mfanyakazi. FreshRSS ni ya bure na ya chanzo huria, inafanya kazi kwenye seva ya kawaida yenye PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi, na inapokea watumiaji wengi, kila mmoja na orodha yake. Jambo la kuamuliwa kwanza ni nani atakayeisasisha na kuhifadhi nakala zake, kwa jina lake na siku yake ya wiki. Mtu huyo asipopatikana, Miniflux inatoa huduma kwenye seva zake kwa dola 15 kwa mwaka kwa akaunti moja, na kwa timu ya watu watatu au wanne gharama hiyo ni ndogo kuliko seva iliyoachwa bila mwangalizi.