Mpango wa JET: miaka miwili ya kufundisha Shikoku

Anayefikiria kwenda Japani kufundisha wanafunzi wa shule kupitia Mpango wa JET, ule wa serikali ya Japani unaoajiri wageni kusaidia kufundisha lugha shuleni, hana budi kujiuliza kwanza kama ataridhika kupangiwa mahali ambapo hakupachagua. Mimi nilipangiwa shule ya kati katika mji mdogo wa Mkoa wa Tokushima, kisiwani Shikoku, nikakaa huko miaka miwili. Nikiutathmini mpango huu leo, nauona kuwa wa kuaminika katika mambo yote yaliyoandikwa kwenye mkataba, ingawa kazi yenyewe ni ndogo kuliko nilivyodhani nilipokuwa najaza fomu, na faida kubwa niliyoipata ilitoka katika siku mbili za juma ambazo mkataba haukuzigusa kabisa.

Mpango ulianza mwaka 1987 ukiwa na washiriki 848 kutoka nchi nne tu, na tangu hapo umefunguliwa kwa mataifa mengi. Mwombaji anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza; cheti cha ualimu si sharti, wala kujua Kijapani. Maombi hupitia ubalozi wa Japani, hufuata usaili, kisha mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa hadi kufikia miaka mitano. Nauli ya ndege hulipwa, na ya kurudi pia kwa anayemaliza mkataba wake. Mshahara wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa yeni 3,360,000, na haukuchelewa hata mwezi mmoja. Ieleweke tu kwamba mwajiri halisi ni halmashauri ya elimu ya mahali unapopelekwa, ndiyo maana washiriki wawili waliosafiri kwa ndege moja wanaweza kuishi maisha yasiyofanana: mmoja akawa na shule moja iliyo karibu na nyumba yake, mwingine akazungushwa shule tano au sita kwa juma.

Jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo ni mwezi wa Agosti. Nilifika wakati wanafunzi wako likizo, lakini mimi nilitakiwa kuwa mezani kwangu kila siku ya kazi, katika chumba cha walimu ambamo nusu ya viti vilikuwa vitupu, na hakuna aliyekuwa na la kunipa. Nilitumia majuma manne kujifunza hiragana na katakana, herufi za Kijapani, nyuma ya karatasi za matangazo. Vipindi vilipoanza, kila kimoja dakika 50, niligundua kwamba mwalimu msaidizi wa Kiingereza kama mimi anaweza kugeuzwa kinasa sauti: mwalimu mwenyeji ananyosha kidole kwenye aya, mimi nasoma, darasa linarudia, basi. Sikumlaumu, kwa kuwa alikuwa na mtihani wa kuingilia sekondari ya juu unaomkimbiza. Hata hivyo, kwa mtu aliyesomea ualimu, kukaa pembeni namna hiyo kunachosha kuliko kufundisha vipindi sita mfululizo. Mazungumzo ya kweli na wanafunzi niliyapata wakati wa usafi, wao wakifagia korido na mimi nikishika ufagio pamoja nao, kwa sababu pale hakuna aliyesahihisha sarufi.

Kuhusu kutembea mwishoni mwa juma, Shikoku ni mtihani wa subira. Kati ya visiwa vinne vikuu vya Japani, ni hicho pekee ambacho shinkansen, treni ya mwendo kasi, haijafika, na ukikosa treni kwenye njia za bondeni unaweza kukaa stesheni zaidi ya saa nzima ukimtazama paka. Miezi mitatu ya kwanza nilitegemea treni. Baadaye nilinunua mkononi gari dogo la daraja la kei, lile lenye injini isiyozidi cc 660 na kibao cha namba cha njano, na tangu siku hiyo kisiwa kilifunguka. Nilifika bonde la Oboke, nikafika Dogo, penye chemchemi za maji moto, kule Matsuyama, na safari moja niliiacha gari Imabari nikaendesha baiskeli kilomita 70 hivi kwenye barabara ya Shimanami, daraja baada ya daraja, hadi Onomichi, nikalala kisiwani njiani kwa sababu miguu ilikataa. Ipo pia tiketi ya Seishun 18 ya treni za kawaida, inayouzwa misimu ya likizo. Wakati wangu siku zake tano zilitumika kwa kuachanisha, kwa hiyo ilimfaa sana mwalimu mwenye Jumamosi tu, lakini tangu majira ya baridi ya 2024 lazima siku zifuatane, na kwa matembezi ya wikendi siipendekezi tena.

Safari iliyobadilisha kazi yangu ilikuwa ya Iya, bonde la milimani huko huko Tokushima, kwenye daraja la mitambaazi lenye urefu wa mita 45, mita 14 juu ya mto, ambalo mbao zake zimeachana kiasi cha mguu kupenya. Jumatatu nilipeleka darasani picha yangu nikiwa katikati ya daraja, nimekumbatia kamba kwa mikono miwili, uso umesawijika. Darasa liliangua kicheko. Kisha mvulana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye tangu Septemba hakuwahi kutoa sauti, alinyosha mkono, akatafuta maneno, akasema kwa Kiingereza chake: babu yangu, tengeneza. Alitaka kusema kwamba daraja hilo hujengwa upya kila baada ya miaka mitatu na kwamba babu yake alikuwa miongoni mwa wanaokwenda mlimani kukata mitambaazi. Alisimama ubaoni dakika kumi akichora jinsi inavyosukwa, na mwalimu mwenyeji, kwa mara ya kwanza, aliuacha ukurasa wa kitabu ukisubiri. Baada ya hapo nilipewa robo saa yangu kila Jumatatu, na wanafunzi wakaanza kunipangia pa kwenda.

Nilipoulizwa kama nataka mwaka wa tatu nilikataa kwa heshima. Kijana aliyemaliza chuo jana, asiye na uhakika kama ualimu ni wake, ningemshauri aombe bila kusita, aanze kutafuta gari mapema na abebe kitabu kinene kwa ajili ya Agosti. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kufundisha kabla ya kwenda, na robo saa ya Jumatatu, pamoja na utamu wake wote, ilinikumbusha tu kwamba nilihitaji darasa langu mwenyewe.